Injini Iliyolishwa Upepo

Wapenzi wa injini ndogo za mvuke, zile zinazotosha kukaa juu ya meza, wana ubishi wao wa miaka mingi ambao haujapata mwamuzi. Mtu amenunua injini ya mfano mnadani, au ameachiwa na babu yake. Ina umri wa miaka sitini, themanini, pengine mia. Boila yake imepotea, au ipo lakini hakuna mwenye akili timamu atakayethubutu kuiwashia moto. Basi mwenyewe anachukua mpira wa kompresa, anaufunga kwenye bomba lililokuwa likiingiza mvuke, anafungulia kidogo, na injini inazunguka. Hapo wengine hushangilia na wengine hununa. Wanaonuna husema hiyo si injini ya mvuke tena, ni danganya toto: mwili wa injini unaotikiswa ili uonekane hai. Wanaoshangilia hujibu kwamba bora injini inayozunguka kuliko inayopigwa vumbi kabatini.

Nimewasikiliza wote, na naona wanagombania mahali ambapo kitu hakikupotelea. Kilichopotea kweli kwenye injini ile si mvuke. Lakini kabla ya kufika huko, tuitazame kwa karibu, kwa kuwa tafakuri juu ya chuma isiyogusa chuma huishia kuwa maneno matupu.

Mfano mmoja unaojulikana sana ni 10V ya kampuni ya Stuart Turner ya Henley-on-Thames, Uingereza. Ni injini ya silinda moja iliyosimama wima. Tundu la silinda lina kipenyo cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, na pistoni husafiri umbali huohuo kwenda na kurudi. Flaiwili yake ina inchi 3. Wengi walioinunua hawakuletewa injini. Waliletewa sanduku la vipande vya chuma na shaba vilivyosubiwa, ngozi yake ingali na ukwaru wa mchanga wa kalibu, pamoja na michoro. Kukereza, kutoboa, kupiga tupa na kuoanisha ilikuwa kazi ya mnunuzi mwenyewe, jioni baada ya kazi, ndani ya banda la nyuma ya nyumba. Gazeti la watu wa aina hiyo, Model Engineer, lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898, na kwa miongo mingi lilikuwa likiwafikia makarani, walimu na mafundi wa reli ambao mchana walifanya kazi za watu na usiku walifanya hii.

Sasa iendeshe. Kwanza mafuta: tone kwenye kila beringi, tone kwenye njia ya fimbo ya valvu, na mengine machache yaingie na upepo. Yawe mepesi. Mvuke ulitaka mafuta mazito ya silinda, kwa kuwa maji ya moto huyaosha mepesi. Upepo ukikutana na mazito, unayageuza gundi. Kisha geuza flaiwili kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima. Kama injini imelala miaka mingi, utahisi mahali inapokaza na mahali inapolegea, na vidole vitakuambia mengi ambayo macho hayakuyaona. Halafu fungulia. Katika kila mzunguko kuna nukta mbili ambapo konrodi na krenki zimenyooka mstari mmoja. Ikisimama hapo, upepo usukume utakavyo, haiondoki. Unaipiga flaiwili kwa kidole. Inakataa. Unaipiga tena upande wa pili, maana pengine valvu imepangwa kuzunguka kinyume na ulivyodhani. Inashika.

Anayetaka kipimo aende kwa fundi wa pancha barabarani. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 hivi, na fundi huyo husoma namba kwenye geji yake bila kujiuliza kwamba ni paundi kwa inchi ya mraba. Injini ndogo iliyotengenezwa vizuri huzunguka kwa 5. Ile iliyotengenezwa vizuri sana huzunguka kwa 2, na wapo wanaoshika mpira mdomoni na kuipuliza kwa mapafu yao. Miongoni mwa watu hawa hakuna sifa inayozidi hiyo. Hawasemi injini ina nguvu. Wanasema inazunguka kwa pumzi.

Kisha weka kidole penye tundu la kutolea. Ni baridi. Hapa ndipo injini inapojitaja yenyewe. Mvuke ungetoka na joto, unyevu na harufu ya mafuta yaliyokaangwa, na ungerusha matone ya maji machafu hadi kwenye shati lako. Upepo unapotanuka ndani ya silinda hupoteza joto lake, na shinikizo likiwa kubwa na upepo ukiwa na unyevu, tundu hilo linaweza kushika barafu. Injini iliyobuniwa kwa ajili ya moto inageuka jokofu dogo.

Je, ni injini ya mvuke bado? Aristotle, katika kitabu chake kuhusu roho, alitoa mfano wa jicho. Jicho lisiloona, alisema, ni jicho kwa jina tu, sawa na jicho la sanamu ya jiwe au la picha ya kuchorwa. Kitu ni kile kinachofanya. Kikiacha kufanya, tunaendelea kukiita jina la zamani kwa mazoea. Ukikubali hoja hiyo, walionuna wamepata wakili mkubwa. Injini ya mvuke isiyotumia mvuke ni jicho la jiwe, tena jicho la jiwe linalopepeswa.

Ila hoja hiyo inategemea tunasema injini inafanya nini. Ukiiuliza pistoni ya 10V, haijui moto wala maji. Inachojua ni kwamba upande mmoja umesukumwa zaidi kuliko upande wa pili. Valvu ndogo yenye umbo la kisanduku kilichofunikwa inateleza mbele na nyuma, inafungua mlango wa juu huku ikiachia wa chini, kisha inageuza. Ekisentriki inaiambia lini. Hiyo ndiyo injini yote: namna ya kupanga milango ili msukumo usio na akili ugeuke mzunguko wenye utaratibu. Mvuke ulikuwa mmoja wa wageni waliopita kwenye milango hiyo, mgeni maarufu kuliko wote, lakini mgeni.

Na upepo haukuja kama mwigizaji. Una historia yake ya kazi ngumu. Handaki la Fréjus, linalounganisha Ufaransa na Italia chini ya milima ya Alps, lilianza kuchimbwa mwaka 1857, na reli yake ikafunguliwa mwaka 1871. Handaki la urefu wa kilomita zaidi ya 12 halikuweza kuchimbwa kwa injini za mvuke, maana moshi ungewaua wachimbaji. Germain Sommeiller na wenzake wakatumia nguvu ya maji ya mlimani kushindilia hewa, wakaipeleka kwa mabomba hadi kwenye keekee za kutoboa mwamba, na hewa iliyotoka kwenye keekee hizo ndiyo wachimbaji waliyoivuta. Mjini Nantes, tangu mwaka 1879, tramu za Louis Mékarski zilibeba abiria kwa upepo uliojazwa kwenye mitungi. Mékarski alikuwa anajua habari ya ile barafu: kabla ya kuingia kwenye silinda, upepo wake ulipitishwa ndani ya maji ya moto ili upate joto na unyevu. Paris ilikuwa na mtandao wa mabomba ya upepo chini ya barabara, ulioendesha saa za mjini na mashine za karakana. Mtandao huo ulifungwa mwaka 1994, wakati watu wengi walikuwa wameshasahau kwamba kitu hicho kiliwahi kuwepo.

Kwa hiyo anayesema upepo ni nguvu ya uongo hajui kwamba upepo ulichimba mlima. Hoja ya kwanza imeanguka. Ningeweza kuishia hapo na kuwapa ushindi washangiliaji, lakini kuna kisa kimoja kinachonikera kila nikitaka kufanya hivyo, nacho kinahusu injini ya mfano iliyo maarufu kuliko zote duniani.

Katika majira ya baridi ya 1763 kuelekea 1764, Profesa John Anderson wa Chuo Kikuu cha Glasgow alimpa fundi wa vyombo vya sayansi, James Watt, kazi ya kutengeneza mfano wa injini ya Newcomen uliotumiwa kufundishia. Mfano huo ulikuwa na silinda ya kipenyo cha inchi 2, na pistoni iliyosafiri inchi 6. Watt aliutengeneza. Hakukuwa na kitu kilichovunjika tena. Hata hivyo, ukiwashwa, ulipiga mapigo machache kisha ukasimama, kwa kuwa boila yake ilishindwa kutoa mvuke wa kutosha, ingawa kwa hesabu ya ukubwa ilipaswa kutosha kabisa.

Fundi mwingine angesema mfano ni mfano tu, usitegemee mengi. Watt akauliza mvuke unakwenda wapi. Ukipunguza kipimo cha kitu mara kumi, eneo la uso wake hupungua mara mia lakini ujazo hupungua mara elfu. Silinda ndogo ina ukuta mwingi kuliko tumbo lake linavyohitaji. Katika injini ya Newcomen, silinda hiyohiyo ilipashwa moto kwa mvuke na kupozwa kwa maji katika kila pigo. Mvuke mwingi ulimalizika kwa kupasha ukuta uliokuwa umetoka kupozwa. Injini kubwa za migodini zilikuwa na maradhi hayohayo tangu Newcomen aliposimamisha ya kwanza mwaka 1712, ila kwa ukubwa wake, na penye makaa ya bei rahisi, zilivumilika. Udogo uliyaweka maradhi hadharani. Mwaka 1765 Watt akapata jibu: mvuke ukapozwe kwenye chombo kingine, silinda ibaki na joto lake daima. Hataza yake ni ya mwaka 1769.

Sasa fikiria kwamba karakana ya Watt ilikuwa na kompresa pembeni. Injini ya Newcomen haisukumwi na mvuke. Inavutwa na ombwe linalobaki mvuke unapopoa, kwa hiyo ingebidi atumie pampu ya kunyonya. Lakini wazo ni lilelile. Angeunganisha mpira, mfano ungepiga mapigo yake vizuri siku nzima mbele ya wanafunzi, profesa angeridhika, na fundi angelipwa. Kasoro iliyokuwa imejificha ndani ya joto ingebaki imejificha. Mfano ungekwenda, na kwenda kwake kungekuwa ndiko kunyamaza kwake.

Hili ndilo jambo la haki ambalo wanaonuna wangeweza kulisema, na kwa kawaida hawalisemi. Wao hulalamikia harufu, unyevunyevu, mlio mzito wa mvuke, uchangamfu wa moto. Hayo ni mapenzi, na sina ugomvi na mapenzi ya mtu. Lakini lalamiko lenye uzito ni hili: upepo husema ukweli mmoja tu wa injini. Husema kama tundu limekerezwa duara, kama valvu imepangwa kwa wakati, kama krenki imekaa sawa na silinda. Kuhusu joto hausemi lolote. Injini inaweza kufaulu mtihani wa upepo kwa sifa zote, halafu ikifungiwa mvuke ikagandamana, kwa kuwa shaba ya pistoni na chuma cha silinda havitanuki kwa kiasi kimoja. Wenye uzoefu wanajua. Ndiyo maana hawasemi injini imepona, wanasema imezunguka kwa upepo, na sentensi hiyo ina tahadhari ndani yake.

Zipo pia injini za mezani ambazo upepo hauwezi kuzihadaa hata kidogo. Ile ya Robert Stirling, mchungaji wa Scotland aliyepata hataza yake mwaka 1816, hufanya kazi kwa kiasi kilekile cha hewa kilichofungiwa ndani, kinachopashwa upande mmoja na kupozwa upande mwingine. Haina mlango wa kuingilia. Utaufunga wapi mpira? Kwa injini hiyo joto ndilo kila kitu, na bila joto ni pambo la mezani tu.

Basi mpaka hapa tuna mizani isiyotulia. Upepo ni nguvu halali, na wakati huohuo ni shahidi wa upande mmoja. Lakini nilisema kwamba kilichopotea si mvuke, na sasa nilipe deni hilo.

Tazama tena ile 10V ikizunguka. Flaiwili inang'aa, krenki inapanda na kushuka, na hakuna kitu kinachofanywa. Haisukumi pampu, haisagi nafaka, haizungushi jenereta. Sasa ondoa upepo, lete boila nzuri yenye cheti, washa moto, ingiza mvuke halisi wa maji halisi. Injini itazunguka vilevile, na vilevile hakuna kitu kinachofanywa. Moto umerudi na maana haijarudi. Kilichokosekana ni mzigo.

Injini bila mzigo ina tabia ya ajabu. Ukifungulia sana, inakimbia hadi inapiga kelele kama nyuki aliyekasirika, miguu inatetema, skrubu zinalegea. Watu wengi huifurahia hali hiyo na kuiita nguvu, na mimi huona ni kinyume chake: ni injini isiyo na wa kuipinga. Nguvu haionekani mpaka kitu kikatae. Zile za viwandani zilipata heshima yake kwa sababu upande wa pili wa shafti palikuwa na mamia ya vitanda vya kufumia, au maji ya mgodi yaliyokuwa yakipanda kila saa, na watu ambao wangefukuzwa kazi au kufa maji kama ingesimama.

Watengenezaji wa vitu vya kuchezea walilijua hili kabla ya wanafalsafa. Kampuni ya Bing ya Nuremberg, na baadaye Mamod ya Birmingham na Wilesco ya Ujerumani, ziliuza injini ndogo za mvuke pamoja na vikorokoro vyake: kinyundo cha kufua, kinoo kinachozunguka, msumeno wa duara usioweza kukata hata karoti, vyote vikivutwa kwa uzi au springi nyembamba badala ya mkanda. Mtoto aliyepewa injini peke yake aliitazama mara kadhaa kisha akaiacha. Aliyepewa kinyundo alikuwa na karakana. Mzigo wake ulikuwa wa bandia, lakini ulikuwa mzigo: uzi ukikaza, injini ilipungua mwendo, na mtoto akaona kwa macho yake kwamba kufanya kazi ni kupungukiwa.

Mjini Moka, katika mkoa wa Tochigi, Japani, lipo garimoshi la zamani lenye namba 49671, la aina ya 9600 iliyoanza kutumika enzi za Mfalme Taisho. Tangu mwaka 2013 linakwenda kwa upepo ulioshindiliwa. Hili si la mezani; ni chuma kizima, cha kupanda kwa ngazi. Moshi hautoki na tanuri halina makaa. Lakini huvuta behewa moja lenye watu, umbali mfupi, kwenda na kurudi. Sioni kwamba wanaopanda wanadanganywa. Wanavutwa. Mwili wao ni uzito wa kweli, reli ina msuguano wa kweli, na pistoni zile zinakuta kitu kinachokataa. Nikiambiwa nichague kati ya garimoshi hilo na injini ya mezani inayozunguka bure kwa mvuke halisi, ipi inastahili zaidi jina la injini, nitachagua la Moka bila kusita, na Aristotle, nadhani, angekuwa upande wangu safari hii.

Lakini hapo ninajikuta nimekuwa mkali kupita kiasi kwa injini ndogo, na kwa watu wake. Kwani je, waliozitengeneza walikusudia zibebe kitu? Karani wa Leeds aliyepoteza majira ya baridi mawili kukereza 10V hakuwa na kiwanda. Alijua tangu siku anafungua sanduku kwamba itazunguka bure. Mzigo wa injini ile, kama ni lazima tuutafute, ulibebwa kabla haijazunguka hata mara moja. Ulikuwa ugumu wa chuma dhidi ya tupa, jozi ya kwanza ya beringi iliyotupwa kwa kuwa ilitobolewa pembeni, gasketi ya karatasi iliyokatwa kwa mkasi wa mkewe. Hayo ndiyo yaliyokataa, na alipoyashinda kazi ikawa imekwisha.

Ndiyo maana injini hizi hufika mnadani bila jina. Mara chache mtengenezaji alipiga chapa herufi zake chini ya kitako. Familia imeuza vitu vya marehemu kwa jumla. Mnunuzi anapata injini iliyoganda kwa mafuta yaliyogeuka kahawia, na hajui ni ya nani. Anaifungua, anaiosha kwa mafuta ya taa, anaifunga tena, anaunganisha upepo, na anaanza kumfahamu mtu. Tundu limekerezwa vizuri ajabu, kumbe alikuwa na mashine nzuri au subira. Valvu imepangwa nusu milimita nje ya mahali pake, na ilipangwa hivyo siku zote, kumaanisha kwamba pengine marehemu hakuwahi kuiona injini yake ikizunguka sawasawa. Mnunuzi analegeza nati mbili, anasogeza ekisentriki upana wa ukucha, anakaza. Injini inashuka kutoka kuhitaji paundi 12 hadi kuridhika na 4. Mtu wa leo amemaliza kazi ya mtu wa jana, na hakuna kati yao atakayemshukuru mwenzake. Mvuke usingeweza kutoa fursa hiyo kirahisi. Huwezi kulegeza nati kwenye injini inayotema maji ya moto, ukasogeza, ukajaribu, ukasogeza tena, mchana kutwa. Upepo ni baridi na mtulivu. Unavumilia kuulizwa swali lilelile mara nyingi.

Bado lipo jambo moja, na ndilo ambalo makumbusho hayapendi kulitaja. Tunaposema injini inazunguka bila moto, tunamaanisha moto hauonekani. Kompresa inakunywa umeme. Umeme unatoka mahali. Kule Uingereza sehemu yake kubwa hutokana na gesi inayochomwa. Ukiweka injini hiyo mezani Nairobi, sehemu ya umeme kubwa kuliko chanzo kingine chochote nchini Kenya inatoka ardhini, kwenye mvuke wa Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 1981. Yaani mvuke unatoka mwambani, unazungusha tabo, tabo inazalisha umeme, umeme unapita nyaya hadi mjini, unazungusha mota ya kompresa, kompresa inashindilia hewa, hewa inaingia kwenye injini ya mvuke iliyonyimwa mvuke. Wale walionuna walikuwa na mvuke wao muda wote, ila kilomita tisini hivi kutoka mezani. Kila hatua katika mnyororo huo imekula sehemu yake, na kinachofika kwenye flaiwili ya inchi 3 ni makombo ya makombo.

Na katika mnyororo huo injini haiko pale tulipodhani. Tulikuwa tukiutafuta mzigo wake, kumbe yenyewe ndiyo mzigo. Kompresa ndiyo inayotoa jasho, inanguruma, inapata moto, inazima na kuwaka; injini inatumia. Mahali ambapo zamani ilisimama kama chanzo cha nguvu ya karakana nzima, sasa imesimama mwisho wa mstari, mahali pa kile kinyundo cha Mamod kilichovutwa kwa uzi.

Makumbusho mengi huficha kompresa. Huiweka chumba cha nyuma au chini ya sakafu, kwa sababu ina kelele na sura mbaya, na mtazamaji huona mpira mwembamba tu ukipotelea chini ya meza. Mimi ningeitoa. Ningeiweka hapohapo ukumbini, na geji yake ikitazama watu, na kibao kinachosema umeme umetoka wapi. Kelele ingewaudhi wenye mapenzi. Lakini mtoto aliyeletwa na mwalimu wake angeziona mashine mbili, moja inayong'aa na nyingine inayonguruma, na angeuliza ipi kati ya hizo inafanya kazi, na mwalimu ingembidi afikiri kabla ya kujibu.